Nimeikagua tovuti ya ruzuku za wakulima wa Marekani, sasa nataka ya maziwa yetu

Kuna tovuti moja ya Marekani ambayo ukichagua kaunti inakuonyesha wakulima waliolipwa ruzuku na serikali, jina la mtu ama la shamba, mji aliko, na dola ngapi, mwaka baada ya mwaka kuanzia 1995. Inaitwa Farm Subsidy Database, inaendeshwa na Environmental Working Group, shirika la kiraia liko Washington. Ni ya bure, haitaki usajili wala namba ya simu. Nimeitumia sana siku hizi upande wa maziwa na naipa nyota nne kati ya tano, hio moja nimeibakisha na nitasema kwa nini, lakini hii riviu naiandikia hasa watu wa Nairobi wenye ng'ombe ushago ama wenye wazazi wanaopeleka maziwa kwa sosaiti, maana hao ndio watafungua wakijua wanatafuta nini.

Mimi nauza maziwa Kahawa West, nina ile ATM ya maziwa unaweka pesa inakupimia, na maziwa yangu yanatoka kwa sosaiti ya wakulima wadogo huko juu. Mama yangu ni memba wa hio sosaiti, ana ng'ombe watatu. Kwa hivyo bei ya maziwa inanigusa pande zote mbili, ikishuka shambani napigiwa simu na mama, ikipanda napigiwa kelele na wateja, na pesa ya serikali ikiingia katikati nataka kujua imeingilia wapi na imemfikia nani.

Sasa tovuti yenyewe. Unaanza na ramani ya majimbo, unachagua jimbo, unachagua kaunti, halafu inakuletea jumla ya ruzuku ikiwa imegawanywa kwa mipango: mahindi, ngano, pamba, mazingira, majanga, na maziwa yako na sehemu yake. Mimi nilichukua Clark County, jimbo la Wisconsin. Wisconsin maziwa ndio kitambulisho chao, hata namba za magari zimeandikwa hivo, na Clark ni kaunti ya mashambani kabisa yenye ng'ombe wengi kuliko watu, mji wake mkuu Neillsville una sanamu kubwa ya ng'ombe anayeongea ukibonyeza kitufe. Nikaona wacha nianzie hapo, mahali ambapo maziwa ndio kazi.

Ukibonyeza maziwa inafunguka orodha, wa kwanza ni aliyelipwa zaidi, unashuka hadi wale wa dola chache chache. Mbele ya majina mengine kuna alama ya nyota, maana yake hilo shamba ni la ushirika ama kampuni na habari za wenye mali zipo, ukiibonyeza unaona ni akina nani wako nyuma yake. Hapo ndio nilikaa sana. Kwa sababu kwetu kitu kikiandikwa kwa jina la kampuni mambo yameishia hapo, si rahisi kujua kama kampuni tatu ni za mtu mmoja na bibi yake na shemeji yake, lakini kule unafuata hadi unafika kwa binadamu.

Halafu kuna jedwali lingine zuri mno, linasema asilimia 1 ya juu ya waliolipwa walichukua asilimia ngapi ya pesa zote, asilimia 10 ya juu wakachukua ngapi, hivo hivo ukishuka. Yaani hata kama huna muda wa kusoma majina, kwa hilo jedwali peke yake unajua kama ruzuku inawafikia wadogo ama inakaa na wakubwa. Ningekuwa mwakilishi wadi hilo jedwali ndilo ningebeba kuingia nalo bungeni la kaunti kila wakati bajeti ya kilimo inapojadiliwa.

Lakini ukiingia bila kujua hizo pesa zinalipwa vipi utaona tu namba zinaruka, mwaka huu kubwa mwaka ule karibu hakuna, na utadhani kuna mchezo. Kwa hivyo nimesoma kidogo, na hapa nitakaa kidogo pia maana kwangu hii ndio sehemu tamu.

Kuanzia 2002 walikuwa na mpango unaitwa Milk Income Loss Contract. Ulikuwa unaangalia bei ya maziwa ya kunywa ya Boston, ikiwa chini ya dola 16.94 kwa kila ratili 100, serikali inamlipa mkulima asilimia 45 ya pengo. Ratili 100 ni kilo 45 na ushee, sema kama lita 44. Na kulikuwa na kikomo, ratili milioni 2.4 kwa mwaka kwa kila shamba, kwa mavuno ya ng'ombe wao wa wakati huo hio ni kama ng'ombe 130. Ukizidisha hapo, yanayozidi hayalipiwi. Baadaye asilimia ilipunguzwa, ikarudishwa, kikomo kikapandishwa. Ndio maana ukiangalia 2009 utaona malipo ya maziwa yamefura, bei ilianguka vibaya mwaka huo, na ukiangalia 2014 utaona yamenyauka kwa sababu bei ilikuwa juu kuliko wakati wowote. Mwaka wenye malipo kidogo ulikuwa mwaka mzuri kwa mkulima. Hii mtu aiweke akilini kabla hajaanza kulaumu mtu.

2014 hio hio sheria ikabadilika. Wakaacha kuangalia bei peke yake, wakaanza kuangalia pengo kati ya bei ya maziwa na gharama ya chakula cha ng'ombe. Mpango wa kwanza wa hivo haukuwafaa wakulima, wengi walilipa ada na hawakuona kitu cha maana kikirudi, malalamiko yakawa mengi. Sheria ya 2018 ikaleta mwingine unaitwa Dairy Margin Coverage, ulianza 2019 na ndio upo hadi leo. Huu ndio ningependa kila ofisa wa mifugo wa kaunti zetu ausome.

Unafanya kazi hivi. Kila mwezi serikali inapiga hesabu moja ya nchi nzima: bei ya wastani ya maziwa, ukitoa gharama ya chakula, na chakula kinahesabiwa kwa fomula ya mahindi, mashudu ya soya na majani makavu ya lusani. Kinachobaki ndio kinaitwa pengo. Mkulima alishachagua mapema kiwango chake cha kinga, cha juu kabisa ni dola 9.50 kwa ratili 100. Pengo likishuka chini ya hapo analipwa tofauti. Anajiandikisha kwa ofisi ya wakulima ya wizara iliyo kwa kaunti yake, analipa dola 100 za usimamizi kwa mwaka na ada ya senti 15 kwa ratili 100 kwa hicho kiwango cha juu. Maziwa yaliyohesabiwa kwa hio bei nafuu hadi 2025 yalikuwa ratili milioni 5 za kwanza kwa mwaka, na sheria ya 2025 imepandisha hadi milioni 6 kuanzia 2026.

Sasa tuweke kwa lugha ya sosaiti. Julai 2023 pengo lilishuka hadi dola 3.52, la chini kabisa tangu huu mpango uanze. Aliyekuwa na kinga ya 9.50 alistahili dola 5.98 kwa ratili 100 kwa mwezi huo kabla ya makato. Ukigawa kwa lita na ukabadilisha kwa bei ya dola ya wakati huo ni kama shilingi 19 kwa lita. Ada aliyolipa kupata hio kinga ni kama nusu shilingi kwa lita. Shilingi 19! Kuna miaka mkulima wetu analipwa lita nzima pesa ambayo haiko mbali sana na hio. Ndio maana 2021 na 2023 malipo ya nchi nzima yalipita dola bilioni moja kila mwaka, chakula cha ng'ombe kilikuwa kimepanda na bei ya maziwa haikufuata.

Kinachonigusa si ukubwa wa hela, wao wana uchumi wao. Ni kwamba mkulima wa Clark anajua fomula. Anajua mwezi ukiisha ile namba itatangazwa, anaweza kukaa na kalamu mezani apige hesabu ya kile anachodai kabla hela haijaingia, na ikiingia akaona imepungua ana pa kuanzia kuuliza. Halafu kwa hii tovuti anaweza kuona jirani alilipwa ngapi kwa mwaka mzima, na mwandishi wa habari anaweza, na mimi niko Kahawa West nikiwa na bando ya simu naweza.

Sasa njoo kwetu. Kaunti ya mama sitaitaja. Walitangaza kwamba watamwongezea mkulima wa maziwa kitu juu ya kila lita, tukafurahi kabisa, na ni haki kufurahi, maana gunia la unga wa ng'ombe limepanda na bei ya maziwa ikipanda inapanda kwa kuvutwa. Pesa ikapitia kwa sosaiti. Ujumbe wa M-Pesa ukaingia kwa simu ya mama, namba moja tu, maziwa ya mwezi na ile nyongeza zimechanganywa pamoja. Hakuna mstari wa kusema hii ni ya lita ngapi, hii ni ya kaunti, hii ni ya mwezi gani. Jirani yake anayepeleka maziwa karibu sawa na yake akapata tofauti, si kubwa lakini tofauti, na hakuna aliyeweza kuwaeleza hao wamama wawili ni kwa nini. Walipouliza kwa sosaiti wakaambiwa orodha imetoka kaunti, mimi nilipopiga simu kaunti nikaambiwa orodha iko kwa sosaiti. Karani wa sosaiti ni mtu mzuri, alinionyesha rejista ya lita, imeandikwa vizuri asubuhi na jioni, na lita za mama ziko sawa kabisa. Kwa hivyo lita zinajulikana. Shilingi kwa lita ndio hazijulikani.

Sisemi kuna mtu amekula. Inawezekana kabisa kila kitu kiko sawa, pengine ni mkopo wa dawa ulikatwa, pengine ni tarehe ya kufunga hesabu. Ninachosema ni kwamba mama wa miaka yake, aliyeamka saa kumi usiku miaka yote hio kukama, hafai kuachwa akikisia. Na akikisia vibaya anayeumia ni sosaiti, kwa sababu mkulima akishaanza kushuku anaanza kumuuzia broka wa barabarani, lita za sosaiti zinapungua, gari la kubeba maziwa linakuwa hasara, na tenki la kupoza linakaa nusu.

Na usifikirie hii ni kitu kidogo kwetu. Serikali yetu inasaidia maziwa kwa njia nyingi ila zimetawanyika. Januari 2020 Rais Uhuru Kenyatta alitangaza shilingi milioni 500 ziende New KCC, kiwanda cha maziwa cha serikali, wanunue maziwa yaliyozidi wayafanye unga, na bei ya mkulima ipande hadi 33. Rais Ruto naye akatangaza shilingi 50 kwa lita kuanzia Machi 2024 kwa wanaopeleka New KCC. Murang'a chini ya gavana Irungu Kang'ata wakaanza kuwaongezea wakulima wa maembe na maziwa kitu juu ya bei. Kuna matenki ya kupoza yanayogawiwa, kuna mbegu za kupandisha za bei nafuu kutoka kituo cha Kabete. Zote ni pesa za umma na zote nazikubali. Lakini niambie uketi jioni moja na simu yako utafute ni wakulima gani wa wadi yako walipata, kwa kiasi gani. Ripoti za Msimamizi wa Bajeti zinatoka kila robo mwaka, ni kazi nzuri na mimi huzisoma, lakini zinaishia kwa idara: kilimo na mifugo kiasi hiki, matumizi asilimia hii. Kutoka idara hadi kwa mama hakuna daraja.

Na teknolojia isiwe kisingizio. Ile mbolea ya ruzuku iliyoshushwa hadi 2,500 kwa gunia mwaka wa 2023, mkulima alisajiliwa kwa kitambulisho, akatumiwa ujumbe kwa simu wenye namba ya siri, akaenda kuchukua. Kumbe majina yapo, namba za simu zipo, hata ukubwa wa shamba upo. M-Pesa inaweka rekodi ya kila senti. Hatujakosa mashine, tumekosa ule uamuzi wa kusema orodha ikishalipwa itabandikwa.

Sasa ile nyota niliyoibakisha. Hii tovuti kwa upande wa maziwa ina mapengo, na mtu asiichukue kama kitabu kitakatifu.

Kubwa ni kwamba haioni msaada wote. Tangu Oktoba 2018 kuna bima ya mapato ya maziwa ambayo serikali ya Marekani inachangia sehemu ya ada, mashamba makubwa huipenda kwa sababu haina kikomo cha ratili kama kile cha Dairy Margin Coverage. Majina ya waliokata bima yamefichwa na sheria, hawa wa tovuti wamelalamikia hilo miaka mingi na hawajafaulu. Kwa hivyo ukiangalia orodha ya Clark ukaona shamba la kati ndio liko juu na lile kubwa haliko, usikimbilie kusema kubwa halisaidiwi. Huenda linasaidiwa kwa mlango ambao huruhusiwi kuuona. Hii imenisumbua kweli, maana inaonyesha hata kule walikoendelea, pesa ikihamishwa kutoka kwa malipo ya moja kwa moja hadi kwa bima, jina linapotea.

Ingine ni kwamba orodha haikuambii lita. Unaona dola, huoni ng'ombe wangapi wala maziwa kiasi gani, kwa hivyo hilo jambo lililomkwaza mama, shilingi ngapi kwa lita, hata hapa huwezi kulipata moja kwa moja. Kule wanalifidia kwa sababu fomula iko wazi na mkulima anajua lita zake mwenyewe. Lakini ukiwa mtu wa nje kama mimi unabaki na nusu ya hesabu.

Pia haielezi kwa nini jina limetoweka. Unaona shamba limelipwa miaka kadhaa halafu kimya. Inaweza kuwa bei ilikuwa nzuri hakukuwa na malipo, inaweza kuwa hawakujisajili, inaweza kuwa walifunga. Na waliofunga ni wengi mno, Marekani ilikuwa na mashamba ya maziwa zaidi ya 70,000 mwaka wa 2003 na kufikia 2023 yalikuwa karibu 26,000, huku maziwa yenyewe yakiongezeka. Ruzuku yote hio na bado wadogo wamekwisha hivo. Mtu wetu anayeota kwamba ruzuku peke yake itamweka mkulima wa ng'ombe watatu shambani aangalie hizo namba mbili vizuri. Kikomo kilikuwepo, kinga ilikuwepo, na bado mwenye ng'ombe elfu moja gharama yake kwa lita ilikuwa chini akabaki yeye. Mimi hilo limenifanya nifikirie sosaiti kwa heshima zaidi, kwa sababu kwetu sosaiti ndio inampa mdogo ukubwa: tenki moja, gari moja, dawa kwa mkopo, kauli moja mbele ya kiwanda.

Na mwisho wa lawama, wenye tovuti wana msimamo wao. Ni watu wa mazingira, wanaona pesa nyingi zinaenda kwa wakubwa na wanalisema wazi. Namba wamezitoa serikalini kwa kutumia sheria ya uhuru wa habari kwa hivyo ni za wizara yenyewe, lakini maelezo ya pembeni yasome ukijua ni ya nani. Kwa simu ndogo pia majedwali yanabana, ni afadhali kompyuta, saiba yoyote ya mtaani itakufaa.

Kuna mtu ataniuliza, sasa wataka jina la mama yako na pesa zake zianikwe dunia nzima? Ni swali la haki na nimeliwaza. Ulaya walipitia hapo hapo. Mahakama yao ya juu ya Umoja wa Ulaya iliamua Novemba 2010 kwamba kuchapisha kila jina la mkulima bila kutofautisha kumezidi kiasi, inaingilia faragha. Baadaye wakarudi na kanuni mpya, majina yanachapishwa lakini wanaopata euro 1,250 kushuka chini kwa mwaka wanafichwa majina. Mimi hapo naona pametulia. Kwetu tuna Sheria ya Kulinda Data ya 2019, basi wadogo waandikwe kwa namba ya memba, kila mmoja anaijua yake, na waliovuka kiasi fulani waandikwe majina pamoja na wenye kampuni. Mama ataangalia namba yake, ataona lita, ataona shilingi kwa lita, ataona mwezi. Hakuna jirani atajua mambo yake asiyotaka yajulikane, na hakuna mkubwa atajificha katikati ya wadogo.

Kitu kingine ambacho orodha kama hii ingetuonyesha hapa ni walioachwa nje. Maziwa mengi Kenya hayapitii kiwandani, yanauzwa mabichi kwa jirani, kwa hoteli, kwa broka wa pikipiki. Ruzuku inayolipwa kwa lita zilizopimwa kwa sosaiti haimgusi huyo mkulima hata kidogo, na mara nyingi ndio yule aliye mbali na barabara, gari la sosaiti halifiki kwake mvua ikinyesha. Ukiwa na orodha ya wadi kwa wadi utaona wadi nzima ina majina machache, na hapo ndio unajua pa kupeleka barabara ama tenki. Bila orodha kila mwanasiasa atasema wadi yake imesahaulika na hakuna wa kumbishia.

Kwa hivyo nyota nne, na napendekeza uifungue hata kama hujawahi kufika Wisconsin. Chagua kaunti yoyote ya mashambani, ingia kwa maziwa, soma jedwali la asilimia kwanza kabla ya majina, linganisha 2009 na 2014, halafu 2021 na 2023. Utaelewa ruzuku kuliko hotuba yoyote ya siku ya wakulima.

Halafu ukimaliza, kumbuka hizo data hawakupewa kwa hisani, waliziomba kwa sheria. Na sisi sheria tunayo. Kifungu cha 35 cha Katiba kinampa kila raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali, na Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016 inasema ofisi ikishapokea ombi lako ina siku 21 kujibu. Kuomba hakulipishwi, utalipa tu gharama ya kutoa nakala. Wakikataa ama wakinyamaza unaenda kwa Tume ya Haki ya Utawala, ile ya Ombudsman, unaomba wapitie huo uamuzi. Na ombi linaruhusiwa kuandikwa kwa Kiswahili, sheria yenyewe imesema hivo, usiogope ati lazima utafute wakili wa Kiingereza.

Barua ya mama tumeiandika, ni fupi. Inaomba vitu vitatu kwa kipindi chote ambacho hio nyongeza imelipwa: shilingi ngapi kwa lita kwa kila mwezi, lita ngapi zilizolipiwa kwa kila sosaiti, na tarehe pesa ilitoka kaunti kwenda kwa sosaiti. Hatujaomba jina la mtu yeyote. Tumeweka jina lake, namba yake ya memba, na tumebaki na nakala yenye muhuri wa kupokelewa, hio nakala ndio ya maana kwa sababu siku 21 zinahesabiwa kutoka hapo. Kama sosaiti yenu iko kaunti nyingine inayolipa nyongeza, ombeni hivo vitu vitatu vile vile kwa maneno yale yale, ndio majibu yakirudi yaweze kuwekwa kwa jedwali moja. Hilo jedwali niko tayari kulitengeneza mimi mwenyewe.